Kozi ya Guna Tatu Upanga: Somo Zuri, Kaunta ya Kuchunguzwa

Kituo kimoja cha yoga kilichoko Upanga, Dar es Salaam, hutoa kozi ya jioni kuhusu guna tatu, yaani satva (wepesi na nuru), rajasi (msukumo) na tamasi (uzito), ambazo katika falsafa ya yoga na katika Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, huhesabiwa kuwa nguvu zinazounda maumbile yote, kuanzia jiwe hadi fikra ya mwanadamu. Nimeifuata kozi hiyo hadi mwisho na nimelipa ada kamili kama mwanafunzi mwingine yeyote. Hukumu yangu naitanguliza ili msomaji mwenye haraka asipotezewe muda: mafunzo ya falsafa yanastahili kila shilingi, mlo ni mtamu ingawa kipeperushi kinachoambatana nao kina makosa ya wazi, na dodoso la kupima tabia pamoja na kaunta ya dawa ni mambo ambayo ningemshauri mtu ayapite bila kufungua pochi. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia kwingine mjini humu, na si haki mmoja abebe mzigo wa wengi.

Ada ni shilingi 180,000 kwa wiki sita, jioni mbili kila wiki, na ndani yake mna mlo mmoja wa pamoja na maandishi ya masomo yaliyochapwa. Vipindi huanza saa moja jioni, muda uliochaguliwa ili wanaoswali Magharibi wawahi swala kabla ya kuingia darasani. Kituo kiko ghorofani katika jengo la zamani, na anayetumia mwendokasi hushuka kituo cha Fire akamalizia kwa miguu, jambo ninalolipendekeza kuliko kuja na gari, kwa sababu maegesho ya mtaa ule hujaa mapema.

Mwalimu ni mama wa makamo aliyezaliwa na kukulia Upanga, ambaye Kiswahili chake ni cha mjini kabisa na ambaye Kisanskriti alikisomea India. Walimu wengi wa somo hili huanza na orodha ya vyakula. Yeye alianza na Sankhya, mmojawapo wa mikondo sita ya falsafa ya Kihindu, ambao ndio uliozipa guna nafasi yake ya msingi. Maandishi yake makongwe zaidi yaliyotufikia yakiwa kamili ni Sankhyakarika ya Ishvarakrishna, beti zipatazo sabini, ambazo bila shaka zilikuwapo kabla ya mwisho wa karne ya 6, kwa kuwa mtawa Paramartha alizitafsiri kwa Kichina katika karne hiyo. Humo ulimwengu unaelezwa kwa asili mbili. Ya kwanza ni purusha, ufahamu unaoshuhudia tu bila kutenda lolote, na ya pili ni prakriti, maumbile yenyewe, ambayo si kitu kingine isipokuwa guna tatu zikiwa zimelingana. Ulinganifu huo unapovurugika, maumbile huanza kujikunjua: hutokea akili ya kupambanua, kisha nafsi inayosema “mimi”, kisha hisi, viungo vya kutenda na mata laini na nzito, hata misingi yote ikafika 25 ukizihesabu pia purusha na prakriti.

Maelezo hayo ni makavu yakisomwa, na niliona nyuso za wenzangu zikianza kusinzia. Mwalimu aliliona hilo pia, akazima taa za umeme na kuwasha koroboi mezani. Mfano wa taa hakuubuni yeye. Umo katika ubeti wa 13 wa Sankhyakarika, unaosema kwamba satva ni nyepesi na hung’arisha, rajasi husukuma na haitulii, tamasi ni nzito na hufunika, na kwamba zote tatu hufanya kazi kwa lengo moja kama taa. Wafasiri wa baadaye ndio walioongeza maelezo ya utambi, mafuta na mwali. Mafuta yakimwagwa juu ya mwali yatauzima, mwali ukiachwa utauteketeza utambi, na utambi peke yake hauna nuru. Lakini vitu hivyo vitatu vyenye tabia za kupingana vikiwekwa pamoja kwa kiasi, chumba kinaonekana. Mtu aliyeelewa jambo hilo hawezi tena kudhani kwamba tamasi ni dhambi ya kuondolewa au kwamba satva inaweza kuishi peke yake.

Swali lililofuata lilikuwa zuri kuliko majibu ya vitabu vingi. Mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kariakoo alisimama akauliza: “Mwalimu, kwa hiyo sisi wa Kariakoo wote ni rajasi tupu, satva hatuna letu?” Mwalimu alicheka kidogo, akamjibu: “Hapana, baba. Bila rajasi usingefungua duka asubuhi, na bila tamasi usingepata usingizi usiku. Wewe jiulize saa hii ni ipi iliyoshika usukani.” Jibu hilo linakubaliana na Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 14, ambayo inaeleza kwamba guna moja huzishinda nyingine mbili kwa zamu: kuna wakati satva hutawala, kuna wakati rajasi hutawala, na kuna wakati tamasi hutawala, ndani ya mtu yuleyule.

Sura hiyo yenye beti 27 ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kozi, na ndipo kituo hiki kilipoyazidi madarasa mengine niliyowahi kuhudhuria. Katika sehemu nyingi za mji wetu, hasa zile zinazolenga wateja wa Masaki na Mikocheni, satva hunadiwa kama kituo cha mwisho cha safari: lipa, nyoosha viungo, kunywa maji ya moto yenye ndimu, ufike. Sura ya 14 haisemi hivyo. Inasema kwamba guna zote tatu humfunga mtu, kila moja kwa kamba yake. Tamasi humfunga kwa uzembe, uvivu na usingizi. Rajasi humfunga kwa kiu ya kupata na kwa kuambatana na kazi. Na satva, pamoja na usafi wake wote, humfunga kwa kuambatana na raha na maarifa. Mwalimu alikaa juu ya nukta hiyo ya tatu kwa kipindi kizima. Alimweleza mtu aliyeacha nyama, anayeamka kabla ya jua, asiyepandisha sauti, na ambaye moyoni anawadharau ndugu zake wanaokula chipsi mayai barazani. Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, maana kila mmoja alimjua mtu huyo, na wengine tulimfahamu kwa karibu zaidi kuliko tulivyopenda.

Kutoka hapo alitupeleka kwenye beti za 22 hadi 25, zinazomweleza mtu aliyezivuka guna. Mtu huyo hauchukii mwanga, wala harakati, wala giza la akili vinapomjia, na havitamani vinapoondoka. Sifa na lawama kwake ni sawa, na donge la udongo, jiwe na dhahabu anavitazama kwa jicho moja. Nakiri kwamba sura hiyo ilinipa shida. Kwa mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa na watoto wa kusomesha, utulivu wa namna hiyo unaweza kusikika kama kutojali, na mmoja wetu alilisema hilo waziwazi. Mwalimu hakulikwepa. Alieleza kwamba Gita nzima ni mazungumzo na shujaa aliyeko uwanja wa vita, ambaye mwishowe anaambiwa atende wajibu wake. Kuzivuka guna hakumwondolei mtu kazi, kunamwondolea kubebwa na kazi. Sijui kama jibu hilo linatosha, lakini ni jibu la mtu aliyesoma.

Zoezi la nyumbani lilikuwa rahisi na, kwa maoni yangu, ndilo lenye faida kuliko yote. Kila mwanafunzi alipewa daftari na kutakiwa kuandika asubuhi, mchana na usiku ni guna ipi iliyokuwa mbele, bila kujisifu wala kujilaumu, na kutaja kilichotangulia hali hiyo. Baada ya muda mambo fulani hujitokeza yenyewe. Uzito wa saa nane mchana baada ya kula ugali wa kushiba unafahamika kwa kila mtu, lakini wengi tulishangaa kuona kwamba saa za usiku tulizoziita mapumziko, simu ikiwa mkononi na kidole kikisukuma picha moja baada ya nyingine, ziliandikwa daftarini kuwa rajasi: macho hayatulii, moyo unataka kingine, na usingizi unakimbia. Mwalimu hakutoa alama wala kukagua madaftari. Aliuliza tu, na aliyetaka kusoma alisoma.

Ayurveda hushauri kuamka katika kipindi kinachoanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na kumalizika dakika 48 kabla yake, kwa kuwa huaminika kuwa hewa na akili vina utulivu wa satva wakati huo. Katika miji mingi ya dunia ushauri huo huonekana mgumu mno. Hapa Dar es Salaam, ambako adhana ya Alfajiri husikika kutoka kila upande na ambako mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto yuko kituoni kabla hakujapambazuka ili asikose gari, darasa liliupokea kana kwamba limeambiwa jambo linalojulikana. Dada mmoja alisema kwamba tatizo lake si kuamka, bali ni kwamba akishaamka hukimbia.

Kuhusu mazoezi ya mwili na ya pumzi nitasema kwa ufupi. Yalikuwa ya kawaida, yaliongozwa kwa uangalifu, na mwalimu alikuwa akiuliza kuhusu shinikizo la damu, ujauzito na maumivu ya mgongo kabla ya kumwinamisha mtu. Mikeka ni safi, feni ni mbili tu na hazitoshi miezi ya joto.

Jambo la imani lilishughulikiwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Darasani walikuwamo Waislamu, Wakristo na Wahindu, na siku ya kwanza yaliulizwa maswali ya wazi kama yoga ni ibada. Mwalimu alieleza kwamba Gita ni kitabu kitakatifu kwa Wahindu na kwamba yeye binafsi anakiheshimu hivyo, kisha akasema kwamba anakifundisha hapa kama falsafa, na asiyetaka kutamka mantra (maneno matakatifu) ya kufungulia kipindi aingie dakika tano baadaye. Waliofanya hivyo hawakutazamwa kwa jicho baya. Ningependelea ukweli wa namna hiyo kuliko ule usemi wa kibiashara kwamba yoga haina uhusiano wowote na dini, ambao haumheshimu Mhindu wala asiye Mhindu.

Sasa nije kwenye chakula. Mlo wa pamoja ulipikwa palepale: wali uliopikwa pamoja na choroko na samli, mchicha wa nazi, boga, mtindi na ndizi mbivu, bila kitunguu wala pilipili, ukiwa na bizari ya manjano, jira na tangawizi kwa kiasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa chakula cha wagonjwa, nikala sahani mbili. Samli ilikuwa nzuri, choroko zilikuwa laini bila kuvurugika, na kila kitu kilitoka jikoni kikiwa bado na mvuke. Aliyepika anastahili pongezi ya pekee.

Kipeperushi kilichowekwa kando ya kila sahani ndicho kilichonikera. Kilikuwa na safu tatu za vyakula, na juu yake kiliandikwa kwamba orodha hiyo ni kwa mujibu wa Bhagavad Gita. Chini ya tamasi mlikuwamo ugali wa sembe, viazi, nyama, samaki, vitunguu na vitunguu saumu. Chini ya rajasi mlikuwamo pilipili, kahawa, nyanya na achari. Gita haitaji hata kimoja kati ya vyakula hivyo kwa jina. Sura ya 17, beti za 8 hadi 10, inaeleza sifa tu: watu wa satva hupenda vyakula vinavyoongeza uhai, nguvu, afya na furaha, vyenye utomvu na mafuta, vinavyodumu mwilini na kuupendeza moyo, watu wa rajasi hupenda vilivyo vichungu, vichachu, vya chumvi, vya moto mno, vikali, vikavu na vya kuunguza, na watu wa tamasi hupenda vilivyopoa, vilivyopoteza ladha, vilivyooza, vilivyolala, mabaki ya kinywa cha mwingine na vitu najisi.

Tena, baadhi ya vyakula vilivyoorodheshwa havikuwapo kabisa India wakati Gita ilipotungwa. Pilipili tunazokula leo, nyanya, viazi mviringo na mahindi vyote asili yake ni bara la Amerika, na vilifika Asia, kama vilivyofika pwani yetu hii, baada ya safari za Wazungu kuvuka Atlantiki tangu mwaka 1492. Ukali uliojulikana kwa watunzi wale ulikuwa wa pilipili manga na pilipili ndefu. Kusema kwamba Gita imeuhukumu ugali wa sembe ni kuitia maneno kinywani. Nilipomwonyesha mwalimu kipeperushi hicho alisema kwamba kiliandikwa na watu wa mapokezi, akatumia sehemu ya kipindi kilichofuata kulitazama suala hilo upya. Alishauri tuzitumie zile sifa badala ya majina. Ugali wa dona uliosongwa sasa hivi, ukaliwa kwa mlenda na maharage kwa kiasi, una sifa nyingi za ubeti wa 8; andazi la nazi, ambalo kila mtu angeliita jepesi na la heri, likiliwa likiwa la juzi na limekauka linaingia ubeti wa 10 bila ubishi.

Kuhusu kitunguu saumu, historia yenyewe inachekesha. Wafuasi wa Swaminarayan, ambao ni dhehebu la Kihindu, na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine iliyoanzia India, ambao wote wana jamaa zao hapa mjini, hawali vitunguu vya aina zote mbili, na wana sababu zao za kiroho zinazostahili heshima. Ayurveda ya kale, hata hivyo, ilikihesabu kitunguu saumu kuwa dawa kubwa. Hati ya Bower, iliyopatikana Kucha katika Asia ya Kati mwaka 1890 na ambayo ni miongoni mwa maandishi makongwe ya tiba ya Kihindi yaliyosalia, inafunguliwa kwa sifa za kitunguu saumu. Hata nyama haikukataliwa na matabibu wale. Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda, ina maelezo marefu ya nyama mbalimbali, na supu ya nyama huagizwa kwa waliokonda kwa maradhi. Masharti ya mtawa anayetafuta utulivu wa akili na masharti ya mgonjwa anayetafuta kupona ni mambo mawili, na kipeperushi kimeyachanganya.

Penye ubeti wa 10 ndipo palipozuka mjadala mkali kuliko yote ya kozi, kwa sababu ubeti huo unakigusa kiporo. Maandishi yanataja chakula kilicholala usiku, na pia kilichopitisha yama moja, ambayo ni saa tatu, tangu kupikwa, ingawa wapo wafasiri wanaodai kwamba neno hilo la pili linahusu chakula kibichi kisichoiva sawasawa. Wali wa jana uliokaangwa kidogo, maharage ya jana na chai ya rangi ni kifungua kinywa ambacho nusu ya darasa lilikuwa limelelewa nacho, na mama mmoja alisema bila kumung’unya maneno kwamba yeye kutupa wali hawezi. Nilimwunga mkono kimoyomoyo. Hata hivyo hapa maandishi ya kale na daktari wa leo wanakaribiana kwa njia tofauti: wali uliopikwa ukiachwa mezani kwenye joto la Dar es Salaam huotesha bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na mojawapo ya sumu zake haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Mwenye friji apoze wali haraka na kuufunika. Asiye na friji apike wa kutosha tu. Kama kiporo kilichotunzwa vizuri bado kinaiongeza tamasi, hilo kila mtu alipime kwenye daftari lake.

Dodoso la tabia ni huduma ya ziada ya shilingi 30,000. Unajibu maswali kuhusu usingizi, hasira, hamu ya chakula na namna unavyofanya kazi, kisha unapewa kadi yenye rangi inayoonyesha asilimia ya kila guna ndani yako na “aina” yako. Siku zote za kozi tulifundishwa kwamba guna hupokezana saa kwa saa, halafu kadi hii inampigilia mtu msumari wa kudumu. Ni kweli kwamba tiba ya kale ilijaribu kupanga tabia za watu: Charaka Samhita inataja aina 16, yaani saba za satva, sita za rajasi na tatu za tamasi, na zile tatu za mwisho zimefananishwa na mnyama, samaki na mmea. Lakini huo ulikuwa mpango wa tabibu aliyemfahamu mgonjwa, na haukuwa na asilimia.

Kosa kubwa zaidi la kadi ni kwamba inazichanganya guna na dosha. Dosha za mwili, yaani nguvu zinazouendesha, ni vata, pitta na kapha, na kuvurugika kwake ndiko kunakoelezwa kuwa chanzo cha maradhi ya mwili. Charaka anaeleza kwamba akili nayo ina dosha zake, ambazo ni rajasi na tamasi. Satva haimo, kwa kuwa ndiyo hali yake ya uzima. Kadi niliyopewa ilisawazisha satva na vata, rajasi na pitta, tamasi na kapha, kana kwamba ni majina mawili ya kitu kimoja. Sushruta, tabibu mwingine wa kale wa Ayurveda, anakanusha urahisi huo. Kwake hewa ni ya rajasi, moto una satva na rajasi kwa pamoja, maji yana satva na tamasi, na ardhi ni ya tamasi. Kwa mpango huo vata, ambayo ni ya hewa, ndiyo iliyo karibu zaidi na rajasi, na pitta ya moto ina nuru ndani yake. Aliyechapisha kadi hakuusoma mpango huo. Wazee wa pwani waliofundishwa tiba ya Kiyunani, wakizungumzia mizaji ya joto, baridi, ukavu na unyevu, wangeona haraka kwamba mambo haya hayapimwi kwa kuweka vema kwenye karatasi.

Kadi ina kazi moja tu iliyo wazi: inakuelekeza kwenye kaunta. Mwenye rajasi nyingi huonyeshwa unga wa ashwagandha, mmea wa dawa wa Kihindi, mwenye tamasi nyingi huonyeshwa trifala, ambayo ni mchanganyiko wa matunda matatu yaliyokaushwa, na mwenye satva huuziwa ubani na mafuta. Mwalimu alikuwa ametuambia darasani kwamba mtu mwenye huzuni isiyoondoka au aliyepoteza hamu ya kuishi asiambiwe tu kwamba ana tamasi, aende hospitali, na Muhimbili haiko mbali. Kijana wa kaunta hakuwa na tahadhari hiyo. Nilipomwuliza kama ashwagandha inafaa kwa mtu anayetumia dawa za tezi ya shingo au dawa za usingizi alinijibu kwamba ni ya asili, kwa hiyo haina madhara.

Jibu hilo si sahihi. Ashwagandha imewahi kuhusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji, haishauriwi kwa wajawazito, na mwaka 2023 Denmark iliipiga marufuku. Kuhusu dawa za Ayurveda kwa ujumla, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulipima bidhaa 193 zilizonunuliwa kupitia intaneti, ukakuta risasi, zebaki au aseniki katika takribani moja ya kila tano. Hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa zile zinazotengenezwa kwa kuchanganya madini na mimea kwa makusudi. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na baraza linaloisimamia, hivyo mnunuzi ana haki ya kuuliza kuhusu usajili wa muuzaji na wa dawa yenyewe. Makopo niliyoyashika hayakuwa na namba ya usajili wa hapa nchini wala neno moja la Kiswahili. Bizari ya manjano, jira na tangawizi zile zile zilizonogesha mlo zinapatikana soko la Kisutu kwa bei ya mboga, na mama muuzaji atakuambia zimetoka wapi.

Maandishi ya masomo yameandikwa kwa Kiingereza, ilhali kozi nzima inafundishwa kwa Kiswahili. Mwalimu anasema tafsiri inaandaliwa na amekwisha kutupa rasimu ya sura ya 14, ambayo inasomeka vizuri. Kwa anayetaka kuelewa guna kutoka kwa mtu aliyezisoma na anayevumilia maswali, sijaona darasa bora zaidi hapa mjini. Anayetafuta kupunguza uzito au tiba ya ugonjwa maalumu atafute huduma nyingine. Atakayejisajili aombe risiti inayotenganisha ada ya masomo na “kifurushi cha ustawi”, yaani dodoso pamoja na kopo la kwanza la unga, kwa sababu mapokezi huviandika vyote kwa pamoja, jumla ikafika shilingi 260,000, na hukitoa kifurushi hicho kwenye hesabu mara tu mteja anapouliza.